Majina na Maana Yake: REHEMA

Kutoka Molo hata Gilgil, na katika mji wa Nakuru wenyewe, wako wasichana wengi waitwao Rehema. Wengine ni wa nyumba za Kiislamu, wengine ni wa nyumba za Kikristo. Hata hivyo, husikika watu wakisema, "Hilo ni jina la Waislamu, mtoto wetu atabatizwaje kwalo?" Yafaa basi tulitazame jina hili tangu shina lake.

Rehema latokana na neno la Kiarabu rahma, maana yake huruma, yaani wema atendewao mtu asiye na haki ya kuudai. Katika vinywa vya Waswahili, neno hilo liliongezewa irabu katikati, likawa rehema. Shina lake ni herufi tatu, r, h na m, na katika shina hilo hilo limo neno rahim, yaani tumbo la uzazi. Ndiyo sababu wengi huifananisha rehema na huruma ya mama kwa mtoto aliyemzaa.

Waislamu hulisikia shina hili kila wasomapo Bismillahi, ambamo Mungu huitwa Rahmani na Rahimu. Lakini si lao peke yao. Kiebrania, lugha iliyo ndugu ya Kiarabu, kina rahamim kwa huruma na rehem kwa tumbo la uzazi, na maneno hayo yamo katika Agano la Kale. Biblia ya Kiswahili nayo yataja rehema mahali pengi. Hata tumwitapo mtu aliyefariki "marehemu", twasema kwamba amerehemiwa, awe wa dini yo yote.

Kiswahili kilifika huku na misafara, kisha na reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nakuru mwaka 1900. Watu wa makabila mengi wakawa majirani, na maneno ya namna hii yakawa mali ya wote.

Liko jambo jingine. Mwezi wa Januari 2008, fujo za baada ya uchaguzi zilipoingia Nakuru na Naivasha, watu waliwindwa kwa kabila zao, na jina lilikuwa mojawapo ya alama. Rehema halitaji kabila, ijapokuwa jina la baba lifuatalo laweza kulitaja. Hatusemi majina ya mababu yaachwe. Hayo ni urithi, na yaweza kukaa pamoja na hili bila ugomvi.

Mzazi alipendaye jina hili asizuiwe na maneno ya jirani. Ila asiishie kuliandikisha tu kwa karani. Binti akipata akili, na aelezwe maana yake, apate kujua kwamba ameitwa kwa jambo ambalo watu wa bonde hili walilikosa siku zile, nao wangali wakilihitaji.