Fundi Afundishwe Kabla ya Kuadhibiwa

Ndugu wanachama, msistaajabu gazeti la kisiwani likinena habari za Dodoma. Huko ndiko makao makuu ya Jamhuri ya Muungano, na mwendo unaoshikwa huko haukawii kuigwa kwingineko. Basi yatupasa kutazama jinsi mjenzi mdogo anavyotendewa.

Nyanda za kati zina elimu yao ya ujenzi tangu kale. Mgogo alijenga tembe: kuta za miti na udongo, paa bapa lililofunikwa kwa udongo, na ua wa mifugo. Nyumba ile iliafiki nchi yenye mvua haba na upepo mkali. Fundi wake hakuhitaji karatasi, kwani kanuni ya kazi aliirithi kwa wazee wake.

Mwaka 1973 iliamuliwa serikali ihamie Dodoma, ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu. Kwa zaidi ya miaka 40 ndiyo iliyosimamia viwanja na ujenzi, hata ikavunjwa Mei 2017 kufuatia malalamiko mengi ya wananchi. Kazi zake zikakabidhiwa Manispaa, nayo ikawa Jiji Aprili 2018. Fauka ya hayo ipo Sheria ya Usajili wa Makandarasi ya 1997, na ipo Sheria ya Mipango Miji ya 2007. Sheria hazikupungua, aliyepungua ni mwalimu.

Aghalabu nyumba ya mtu wa kawaida haijengwi na mkandarasi aliyesajiliwa. Hujengwa na fundi wa mtaani, aliyejifunza kwa kumbebea mwenziwe karai la zege. Kanuni ikibadilika, yeye hana habari. Huipata siku aionapo alama nyekundu ya X ukutani.

Wala makosa yake si ya uovu. Mfuko wa saruji huvutwa ukatoa matofali kupita kiasi, kwa kuwa mwenye nyumba hana fedha. Tofali halimwagiliwi siku za kutosha, kwa kuwa maji ni ya taabu. Msingi haufiki palipo imara, kwa kuwa hakuna aliyemwonyesha jinsi udongo wa mfinyanzi unavyovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Faini haiondoi hata moja katika hayo.

Watauliza: je, watu waachwe waangukiwe na nyumba? Hasha! Sisi ambao sehemu ya Beit al-Ajaib ilituporomokea tarehe 25 Desemba 2020, na roho mbili zikapotea, hatuwezi kuibeza sheria ya ujenzi. Lakini sheria isiyofundishwa ni mtego. Mimi ni mwenye duka. Mizani yangu hukaguliwa, na ni insafu, maana nilikuwa na mawe yenye muhuri kabla ya mkaguzi kunijia. Je, fundi wa Dodoma amepewa jiwe gani la kupimia kazi yake?

Na njia si ngeni. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya 1994, ina utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunza kazini, kumkamilishia alichopungukiwa na kumpa cheti. Wakala wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umefundisha vikundi kufyatua matofali ya kufungamana, ya udongo na saruji kidogo. Na tangu 2021 Kiswahili kimewekwa kuwa lugha ya sheria. Yote haya yapo; lililobaki ni kuyafikisha kiwanjani.

Basi twadai haya. Kwanza, kila kanuni ya ujenzi inapobadilika, ichapishwe kwa Kiswahili chepesi katika karatasi moja, itolewe pamoja na kibali. Pili, mafunzo yapelekwe kata kwa kata, saa ambazo fundi hatapoteza ujira wake. Tatu, kosa la kwanza lisilohatarisha maisha lipate mwalimu kabla ya faini.

Mwalimu wa chuo hamchapi mwanafunzi kwa sura asiyomsomesha. Wenye mamlaka nao wasijipe haki ambayo mwalimu wa chuo hana.