Tuyajue maji ya Nyahururu yatokako

Anayezuru maporomoko ya maji ya Nyahururu aghalabu huondoka na vitu viwili: picha na jina la mgeni. Picha humwonyesha amesimama ukingoni, nyuma yake Mto Ewaso Narok ukishuka mita 74 hadi bondeni. Jina ni la Joseph Thomson, Mskochi aliyefika huko mwaka wa 1883 na kuyapa maporomoko hayo jina la ukoo wake. Baada ya hapo mzuru hununua mahindi ya kuchoma, akapanda gari, na ziara ikawa imekwisha.

Mimi nami nimekuwa mzuru wa aina hiyo zaidi ya mara moja. Safari yangu ya mwisho nilifuatana na wanafunzi wangu wa isimu. Tuliteremka kwa vidato vyenye utelezi hadi chini ya genge, mahali ambapo manyunyu humlowesha mtu kabla hajayafikia maji yenyewe, na asiyepaaza sauti hasikiki. Hapo ndipo mwanafunzi mmoja aliponiuliza: "Daktari, kabla ya Thomson kuja, maji haya yalikuwa hayaanguki?" Wenzake wakaangua kicheko. Mimi sikucheka, kwani swali lile lilikuwa zito kuliko mihadhara yangu mingi.

Nisieleweke vibaya. Sina ugomvi na marehemu Thomson. Isitoshe, hakufika huko peke yake. Alifuatana na wapagazi kutoka Zanzibar na pwani, waliozungumza Kiswahili njia nzima, na ambao hakuna hata jiwe linaloitwa kwa majina yao. Kadhia yangu ni nyingine. Jina la mtu halitufunzi lolote kuhusu mahali, ilhali majina waliyotuachia wenyeji ni maktaba.

Chukua jina Nyahururu. Wapo wanaolihusisha na neno la Kimaa lenye maana ya dhoruba, na wapo wanaoshikilia kuwa ni tanakali ya sauti ya maji yenyewe. Vyovyote iwavyo, aliyelitunga alikuwa amesimama akasikiliza. Chukua pia Ewaso Narok. Katika Kimaa, ewaso ni mto, na narok ni rangi nyeusi. Mto huu mweusi huenda kuungana na Ewaso Ng'iro, ambao jina lake linatokana na rangi ya maji yaliyochanganyika na udongo. Wachungaji waliitofautisha mito yao kwa kuyatazama maji, kwa sababu uhai wa mifugo ulitegemea maji hayo.

Anayelijua jina la mto hakosi kuuliza swali la pili: mto huu unatoka wapi, na unaenda wapi? Iko njia ya miguu inayoufuata mto juu ya maporomoko hadi mahali wanapoogelea viboko, lakini wengi wetu hatuifuati. Lau tungeendelea kupanda na mto, tungefika Ziwa Ol Bolossat, katika Nyandarua, ambako Ewaso Narok huanzia. Ziwa hilo limeteseka kwa kilimo cha kandokando na kukatwa kwa miti katika vilima vinavyolilisha, na kuna miaka ambayo limekaribia kukauka. Mwaka wa 2018 serikali ililitangaza kuwa ardhi oevu inayolindwa na sheria. Hiyo ni hatua njema, lakini tangazo pekee halizuii jembe wala shoka.

Ziwa hilo likifa, maporomoko yatabaki kuwa mwamba mkavu. Na watakaoumia si wapiga picha. Maji hayo huteremka na Ewaso Ng'iro kuelekea Samburu na Isiolo, kwa watu ambao hawajapata kuliona bonde la Nyahururu, wala hawana mto mwingine wa kukimbilia wakati wa kiangazi.

Yamkini msomaji atasema kuwa mtalii huenda kupumzika, si kusoma. Ni kweli. Lakini ubao mmoja wenye maelezo kwa Kiswahili, Kimaa na Kikikuyu hautamnyima mtu usingizi. Kijana anayewaongoza wageni hatapungukiwa akisimulia habari za ziwa kabla ya kutaja mita 74. Shule zinazowapeleka watoto huko zingeweza kuanzia safari Ol Bolossat, ndipo ziteremke na mto. Na katika ada inayotozwa langoni, ni haki sehemu yake irudi kwenye chemchemi.

Wahenga walisema usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Sisi tumeyasifu maporomoko hata tukaisahau chemchemi. Mwanafunzi wangu alitaka kujua kama maji yalikuwa yakianguka kabla ya Thomson. Yalikuwa yakianguka. Swali linalotungoja ni iwapo yataendelea kuanguka baada yetu.