Mkalimani wa Miaka Kumi

Mchukulie mama aliyetoka kambi ya Nyarugusu, Kigoma, akahamishiwa Marekani. Amejifungua wiki kadhaa zilizopita na damu haijakatika. Daktari anauliza anaumwa nini, na wa kumjibu kwa Kiingereza ni mwanawe wa kiume wa miaka 10, ambaye leo hakwenda shule. Mama anamtazama mtoto, kisha anasema kichwa kinamuuma. Wanarudi nyumbani na dawa ya kichwa.

Toleo hili linahusu malezi ya watoto wetu ughaibuni, nami naanza na mtoto huyu. Tukitaja afya ya mtoto tunataja chanjo, uzito na chakula, na ni sawa. Lakini mtoto hutulia na kukua akijua kuna mtu mzima anayebeba mazito ya nyumba. Huyu anayabeba mwenyewe: maradhi ya mama, deni la nauli ya ndege iliyowaleta, barua ya mwenye nyumba. Na akishaona baba hawezi kuongea na mwalimu bila yeye, siku ya kukanywa atamsikiliza nani?

Kumsomea bibi bili ya umeme si dhambi. Watoto wengi hufurahia kusaidia. Ninachokipinga ni kumfanya mtoto mkalimani hospitalini, polisi, mahakamani, na kwenye kikao cha shule kinachomjadili yeye mwenyewe.

Tangu mwaka 2016, kanuni za sheria ya afya ya Marekani ya mwaka 2010 zinakataza hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu kumtegemea mtoto kama mkalimani, isipokuwa kwa muda, kwenye dharura inayotishia usalama. Mkalimani, hata wa simu, ni bure kwa mgonjwa. Wazazi wengi hawajaambiwa.

Nyumbani nako tunakosea tunapoacha Kiswahili ili mtoto awahi Kiingereza. Mwaka 1991 mtafiti wa lugha Lily Wong Fillmore, akitumia utafiti wa familia zaidi ya 1,000 nchini Marekani, alionyesha watoto wanavyopoteza lugha ya nyumbani, na wazazi wanavyokosa njia ya kuwafunda.

Basi mzazi, unapopiga simu kuomba miadi, taja lugha yako papo hapo na uombe mkalimani, na kama ni Kiswahili cha Kongo useme hivyo, kisha mpeleke mtoto shule. Nayo mashirika yanayowapokea wakimbizi yawaeleze haki ya mkalimani wa bure wiki ileile ya kwanza yanapowafundisha kupiga 911, namba ya dharura.