Anwani zetu ziwe mali ya kitivo

Kitivo kinachofundisha lugha za Afrika kinaandikiana na dunia kwa anwani zisizo zake. Angalieni matangazo ukutani, ukurasa wa nyuma wa majarida, vijitabu vya utafiti: karibu kila anwani ya barua pepe ni ya mtu binafsi, iliyofunguliwa Gmail au Yahoo. Maoni yangu ni kwamba jambo hili si dogo, na dawa yake tunaiweza: seva moja ya barua, yenye hifadhidata moja, inayohudumia vikoa vyetu vyote. Kikoa ni lile jina linalofuata alama ya @.

Kazi yetu inaishi kwa kuandikiana. Msemaji aliyeturekodia hadithi kijijini anaweza kutuma sahihisho baada ya miaka mitatu. Mtafiti wa ng'ambo anaweza kuomba orodha ya maneno. Barua hizo zikiingia katika sanduku la asistenti, siku asistenti akihama zinahama naye. Mwaka jana niliandikia mradi mmoja wa kamusi nikiomba rekodi za methali. Anwani iliyochapwa ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuondoka. Barua haikurudi, jibu halikuja, na sijapata hadi leo mtu wa kuniambia rekodi hizo ziko wapi.

Nchi yetu inalijua somo hili. Ilipobadili jina mwaka 1997, kikoa cha .zr kiliipisha .cd, na mwaka 2001 .zr ikafutwa kabisa. Jina likiondolewa, anwani zote zilizo chini yake hufa. Kwa hiyo swali la kwanza ni: jina ni la nani?

Wengi hudhani kila kikoa kinahitaji mashine yake. Sivyo. Katika mpango wa zamani, kila sanduku la barua lilikuwa la mtumiaji aliyeandikishwa ndani ya mashine yenyewe. Hivyo jina "mhariri" lilikuwa moja tu, hata kama majarida ni mawili. Hifadhidata inaondoa kikwazo hicho. Barua inapofika, programu ya Postfix, ambayo ni ya bure na imekuwapo tangu 1998, inauliza hifadhidata maswali matatu: Kikoa hiki ni chetu? Sanduku hili lipo? Jina hili linaelekeza kwa jina lingine? Majibu yako katika majedwali matatu. Programu nyingine, Dovecot, inauliza hifadhidata hiyo hiyo kama neno la siri ni sahihi, kisha inampa mwenye sanduku barua zake. Kinachotafutwa ni anwani nzima, si kipande cha kabla ya @. Mhariri wa jarida hili na mhariri wa jarida lingine wanakaa katika mistari miwili tofauti bila kugongana. Asistenti akihama, msimamizi anabadili mstari mmoja, na barua za mradi zinamfikia aliyechukua nafasi yake.

Kuna watakaosema hayo ni mambo ya watu wa informatiki. Sehemu yake ni yetu. Hifadhidata lazima ijue itumie herufi zipi na izipange kwa kanuni ya lugha gani. MySQL, mojawapo ya hifadhidata zinazotumika sana kwa kazi hii, ilizaliwa Uswidi, na kabla ya toleo la 8.0 la mwaka 2018, ikiachwa bila maelekezo, ilitumia herufi za Ulaya Magharibi na kuzipanga kwa kanuni za Kiswidi. Jina lenye ɛ au ɔ halikuwa na nafasi humo. Toleo jipya linapokea herufi zote, lakini katika kulinganisha maneno, lisipoelekezwa vingine, linapuuza alama za toni: kwake moto, yaani mtu kwa Kilingala, na motó, yaani kichwa, ni neno moja. Siku tutakapoweka humo majina ya wasemaji, na baadaye orodha za maneno, nani atagundua kasoro hiyo kama si mwanafunzi wa fonolojia?

Pingamizi zito ni umeme. Seva ikikaa jengoni kwetu, itazimika mara nyingi. Lakini barua pepe ina uvumilivu: seva inayotuma ikikuta yetu imezimika, huiweka barua kwenye foleni na kujaribu tena, kwa kawaida kwa siku nne au tano. Usiku mmoja wa giza hauipotezi barua, unaichelewesha tu. Hata hivyo ningependa tukodi mashine ndogo mahali penye umeme wa kudumu, kwa sababu watu wanataka pia kusoma barua zao wakati wowote.

Pingamizi la pili ni kwamba Gmail haidai malipo na inachuja takataka vizuri. Ni kweli. Tena kutuma ni kugumu kuliko kupokea: tangu Februari 2024 Google na Yahoo zinadai kikoa kinachotuma barua kwa wateja wao kijitambulishe kwa rekodi za SPF au DKIM, la sivyo barua zake zaweza kukataliwa. Kazi hiyo inataka mtu wa kuiangalia kila mara. Lakini huduma hiyo ya bure tunailipia kila mwalimu anapostaafu na barua za idara zikaondoka naye.

Naomba basi mambo matatu. Kikoa kinunuliwe kwa jina la kitivo, si la profesa wala la mwanafunzi, na ada yake ya mwaka iingie katika bajeti. Seva iwe na wasimamizi wawili, mmoja wa informatiki na mmoja wa lugha, wasiobadilishwa wakati mmoja, ili anayebaki amfundishe anayeingia. Na nakala ya hifadhidata na ya barua iwekwe kila wiki nje ya seva. Anwani binafsi za walimu zibaki zao. Ninazozungumzia ni anwani za kazi.

Tuanze na kikoa cha jarida hili na cha idara moja. Vingine vitaongezwa baadaye bila kununua mashine nyingine. Mkutano wa kitivo unaweza kuliamua jambo hili katika kikao kimoja. Orodha ya anwani zinazohitajika, idara kwa idara, sisi wanafunzi tuko tayari kuiandaa.