MUHURI SI SHAHIDI

Ndugu wanachama wa Unguja na Pemba, pokeeni salamu kutoka Msasani, mjini Tukuyu, wilaya ya Rungwe, katika nchi ya baridi, chai na migomba. Mkidhani kuwa udhia wa muhuri ni wenu peke yenu, basi someni haya.

Bibi mmoja mjane alinijia dukani na karatasi mbili. Moja ni hati ya kiwanja alichoachiwa na marehemu mumewe, imeandikwa kwa mkono, ina majina ya mashahidi wanne, nao wote wa hai. Ofisi moja, ambayo jina lake nalisitiri, imeikataa kwa hoja kuwa muhuri umefifia. Ya pili ni nakala ya hati ya anayemgombania kiwanja hicho hicho: mihuri mitatu inang'ara, shahidi hata mmoja hakutajwa. Hiyo ndiyo iliyopokewa! Jee, tokea lini mpira na wino vikatoa ushahidi? Wino huo nauuza mwenyewe, wala simuulizi mnunuzi ana cheo gani.

Sisi tuliokaa chuoni twajua kuwa aya ndefu kuliko zote katika Kurani, iliyomo katika Suratul Bakara, ni aya ya deni. Imeamrishwa deni liandikwe, mwandishi awe mwadilifu, na mashahidi wawepo. Muhuri haukutajwa. Mtume (S.A.W.) alipotaka kuwaandikia wafalme aliambiwa kuwa hawasomi barua isiyo na muhuri, ndipo akafanya pete ya fedha. Na pete hiyo ilipotumbukia katika kisima cha Aris, zama za Sayyidna Uthman, isionekane tena, nani aliyesema kuwa barua zilizotangulia zimebatilika?

Wala sheria ya nchi haisemi wasemavyo mabwana hawa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, yataka hati ya kimila itiwe sahihi na mwenyekiti na katibu wa halmashauri ya kijiji, mwenye ardhi atie sahihi au alama yake, kisha afisa ardhi wa wilaya atie sahihi, agonge muhuri na aisajili. Watu kwanza, na mwisho daftari. Kamishna wa viapo naye amelazimishwa kuandika mahali na tarehe kiapo kilipoliwa. Mahakama zimekwisha tupa viapo vyenye muhuri mzuri kwa kukosa hayo tu.

Basi mbona muhuri umetukuzwa hivi? Kwa sababu hufungiwa katika mtoto wa meza, na kinachofungiwa huuzika. Shahidi hafungiwi. Wako wanaodai asilimia kumi ya bei ya kiwanja ndipo wagonge. Na huko kwenu, kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi hutanguliwa na barua ya sheha. Aliyenyimwa barua amenyimwa kitambulisho, na aliyenyimwa kitambulisho amenyimwa kura. Haya si mambo ya wino, mabwana!

Tunataka kila penye muhuri paandikwe jina la aliyegonga, tarehe, na namba ya daftari. Kila senti inayotozwa itolewe risiti. Na afisa anayekataa kugonga aandike sababu yake na aitie sahihi. Mwanachama yeyote atakayerudishwa mlangoni na aiandike siku hiyo, saa, na maneno aliyoambiwa, atafute mashahidi wawili, kisha ailete karatasi hiyo tawini.