Tuwaige Nyani wa Laikipia

Najua mkiliona neno nyani mtacheka, na mwingine atasema papo hapo ati nyani haoni kundule. Chekeni tu, lakini mkimaliza nisikilizeni. Mnyama huyu anayetuibia mahindi shambani ana jambo ambalo sisi wenye katiba na masanduku ya kura bado linatushinda.

Kule Mpala, Laikipia, mnamo mwaka wa 2012, wataalamu waliwavisha nyani 25 wa kundi moja mikanda ya shingoni yenye mitambo ya kuonyesha kila mmoja yuko wapi, sekunde baada ya sekunde. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2015. Walitaka kujua: kundi likienda kutafuta chakula, nani huamua lielekee wapi? Mimi ningejibu bila kufikiri: dume kubwa lenye meno kama visu. La hasha! Nyani yeyote huweza kujitenga hatua kadhaa kuelekea anakotaka. Wenzake wakimfuata, vyema, wasipomfuata, hurudi. Dume lile halikufuatwa kuliko wengine. Na wawili wakivutia pande mbili zilizokaribiana, kundi hupita katikati. Pande zikiachana sana, huenda kule walikoelekea wengi.

Hebu fikirini. Dume hilo hilo laweza kumpokonya jike chakula mchana kweupe, na hakuna wa kuliuliza. Kwa hiyo sisemi kwamba maisha ya nyani ni peponi. Nasema tu kwamba ubabe wake huishia kwenye chakula; haufiki kwenye njia.

Nyuki nao wana yao. Kundi likihama, malkia hana analoamua. Nyuki mamia kadhaa hutangulia kutafuta makao, na aliyeona tundu zuri mtini hurudi akacheza ngoma inayoonyesha liliko. Wenzake hawamwamini kwa ngoma tu. Huruka wakajionee wenyewe, na wakiridhika ndipo nao wacheze. Sisi je? Ngoma ikipigwa na mtu wa kwetu, twacheza hata kabla ya kujua inatupeleka wapi.

Lakini nyuki wa mzinga mmoja ni ndugu, na shida yao ni moja. Sisi tumetoka kila pembe, na mnyonge asipowekewa nafasi kwa sheria husahauliwa. Hata sheria yenyewe hukwama. Katiba yetu ya 2010 inasema kuwa katika vyombo vya umma vinavyochaguliwa, watu wa jinsia moja wasizidi thuluthi mbili. Bunge likashindwa kutunga sheria ya kulitimiza hilo, hadi Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje. Halikuvunjwa.

Sasa tuje hapa kwetu. Viongozi wa wanafunzi huchaguliwa na vidato vitatu vya juu. Mamono, yaani kidato cha kwanza, hawapigi kura, ati bado hawajaijua shule. Maktaba nayo ilipohamishiwa ghorofani, aliulizwa nani? Si yule mwenzetu atembeaye kwa magongo, ambaye sasa hungoja chini aletewe kitabu alichochaguliwa na mtu mwingine. Sidhani kuna aliyemtakia mabaya. Hakuna aliyemkumbuka, basi.

Napendekeza kwamba katika uchaguzi ujao kidato cha kwanza wapige kura, na baraza la wanafunzi liwe na kiti cha wenzetu wenye ulemavu, wamchague wao wenyewe. Isitoshe, kila mgombea apite mabwenini aulizwe maswali kabla ya siku ya kura, badala ya kutupungia mkono tu kwenye gwaride.

Najua watakaopinga. Watasema mono hajui shida za shule. Wanaosema hivyo nawaomba wafike kwenye bomba la nyuma ya bweni saa kumi na moja alfajiri, waone ni nani waliopanga foleni na ndoo.