Shushushu Hakutoka Dar es Salaam

Ukikaa na wazee wa Newala, mazungumzo yakaangukia enzi za chama kimoja, hutakawia kuisikia kauli hii: "Mwanangu, tungefanyaje? Kila nyumba kumi zilikuwa na macho." Ukiteremka Masasi utaisikia vilevile. Vijana nao wameirithi. Kwao, kila aliyewekwa ndani mwaka 1975 au 1983 alichongewa na watu wa Usalama, shushushu fulani aliyetumwa kutoka Dar es Salaam. Katika hadithi hiyo jirani hayumo. Jirani alikuwa shambani, analima.

Naikataa hadithi hiyo. Shushushu wa Dar es Salaam asingejua nani huku kwetu ana kilo tano za sukari chini ya kitanda. Hata njia ya kufika kwenye nyumba hiyo asingeijua. Aliyejua ni yule aliyezoea kwenda kuazima chumvi pale.

Tuanzie mbali kidogo. Mjerumani alipoleta kodi ya kibanda mwaka 1898, Machemba, mkuu wa Wayao katika uwanda huu wa Makonde, aligoma kulipa. Mwaka uliofuata Wajerumani walimfukuza, akavuka Ruvuma. Baada yake kodi ikakusanywa. Lakini na nani? Hata mwaka 1913 Wazungu wa koloni zima hawakufika 6,000, na wenyeji walikuwa zaidi ya milioni saba. Mzungu aliyekaa Lindi angekijuaje kibanda kilichojificha ndani ya kichaka cha Makonde? Kichaka hichohicho kiliwasitiri babu zetu wasikamatwe na wafanyabiashara wa watumwa. Kichaka hakikupungua miti. Ila sasa alikuwapo jumbe wa kupelekewa maneno, na akida wa kuyapokea.

Si sisi peke yetu. Enzi za Hitler, ofisi ya Gestapo, polisi wa siri wa Ujerumani, mjini Würzburg ilikuwa na maofisa 28 kwa eneo la watu zaidi ya 800,000. Mwanahistoria Robert Gellately alifukua majalada ya ofisi hiyo, akaona kwamba kesi nyingi za walioshtakiwa kwa urafiki na Wayahudi zilianzia kwa raia wa kawaida aliyekwenda mwenyewe kusema. Dola iliyotisha dunia nzima ilikuwa inasubiri ofisini iletewe majina.

Sisemi hofu haikuwapo. Sheria ya mwaka 1962 ilimpa Rais uwezo wa kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Mwaka 1983, katika vita dhidi ya wahujumu uchumi, mtu alipelekwa mbele ya baraza maalumu pasipo wakili wa kumtetea, na watu walizika sabuni ardhini usiku wasije wakaitwa walanguzi. Najua pia kwamba wapo waliolazimishwa kweli. Nairobi, Aprili 1954, Waingereza wakiwasaka Mau Mau waliwapanga watu kwa maelfu na kuwapitisha mbele ya "gakunia", mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu ya macho. Akiitikia kwa kichwa, unakwenda kizuizini. Wengine kati ya wale waliovishwa magunia walikuwa wametoka kwenye kipigo. Mtu wa namna hiyo simhukumu. Namsema yule aliyejifunga msuli vizuri, akatembea kwa miguu yake hadi kwa balozi wa nyumba kumi, akakaribishwa kiti.

Na hapa kwetu tunao ushahidi kwamba watu waliweza kunyamaza. Tarehe 25 Septemba 1964 FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji dhidi ya Mreno, walishambulia Chai, ng'ambo ya Ruvuma, na vita vikadumu miaka kumi. Wapiganaji waliofunzwa Nachingwea walipita kwenye vijia vyetu. Wakimbizi wa Kimakonde wa Msumbiji walilala kwenye nyumba zetu na kula mihogo yetu. Mreno alikuwa na PIDE, polisi wa siri walioishi kwa maneno ya wachongezi, na alikuwa na ndege na mabomu ya kutegwa ardhini. Hofu gani ilizidi hiyo? Walikuwapo waliouza habari, ndiyo, lakini njia ziliendelea kupitika, kwa sababu watu wengi wa kando ya mto waliona na hawakusema. Ni watu walewale na balozi walewale. Mpiganaji walimwona ni wa kwao. Jirani mwenye mikorosho iliyozaa kuliko yao hawakumwona hivyo.

Wapo watakaosema hayo ni ya zamani, chama kimoja kilikwisha mwaka 1992. Tume ya Jaji Nyalali ikaorodhesha sheria 40 za ukandamizaji, na ile ya kizuizini ikiwamo. Basi njooni tukumbushane msimu wa korosho wa 2018.

Novemba 12 mwaka ule Rais Magufuli alitangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wanajeshi wakaingia kazini. Ili kuwanasa kangomba, wale wanaonunua korosho za mkulima kwa bei ya kutupa akiwa na njaa, kila aliyepeleka ghalani zaidi ya kilo 1,500 ilibidi aonyeshe shamba lake. Kangomba ni mnyonyaji, simtetei. Lakini nilikaa chini ya mwembe siku kamati ya uhakiki ilipofika kijijini kwetu, na niliyoyaona siyasahau.

Aliitwa bwana mmoja mwenye magunia 22. Kabla hajafungua mdomo, mwenzake aliyekaa nyuma kwenye benchi alikohoa kidogo, akasema kwa upole, kama mtu anayesaidia: "Mikorosho yake naijua mimi. Haifiki hamsini." Hakuna aliyemuuliza. Hapakuwa na askari aliyemtazama. Karani akaandika.

Alilosema lilikuwa kweli. Aliacha tu kusema kwamba nusu ya magunia yale yalikuwa ya dada wawili wa bwana yule, wasio na akaunti ya benki, waliopitishia mavuno yao kwa jina la kaka yao, kama zinavyofanya familia nyingi huku. Naye alilijua hilo, maana alisaidia kuyabeba. Wala hakutaja kwamba yeye na bwana yule walikuwa na kesi ya mpaka wa shamba kwa miaka sita. Wakati wenzake wanapokea fedha, mwenye magunia alirudishwa nyuma kwenye orodha ya wanaochunguzwa. Dada mmoja aliuza mbuzi ili mtoto aende shule Januari.

Jioni ile nilimfuata yule wa kwenye benchi. Nikamuuliza, "Mjomba, mbona umefanya hivi?" Akanijibu bila kusita: "Serikali imetaka ukweli. Mimi ni nani nikatae?"

Mnaisikia? Ndiyo kauli ileile ya wazee wa Newala: tungefanyaje. Miaka 35 baada ya sabuni za 1983 ilikuwa bado mbichi mdomoni, wala hapakuwa na hofu ya kuitamka. Serikali ilimpa kalamu tu, jina alikuwa nalo siku nyingi.

Kwa hiyo nawaomba wazee wangu, na naomba kwa heshima kwa sababu mmetulea. Matanga yakiisha, tukibaki wenyewe barazani, msituambie tena habari za macho ya nyumba kumi. Tuambieni nani alikwenda kumtaja nani, kwa ugomvi gani, na shamba la aliyetajwa leo linalimwa na nani.